Meza ya Mapepeo Haiondoki

Wifi yangu alikuja asubuhi na gari la mizigo, dereva na kamba. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mbele, akaitazama meza ya mama yake kama mtu anayepima iwapo kitanda kitapita mlangoni, kisha akasema wataanza na hiyo.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi nyuma ya meza hiyohiyo, kama nilivyomkuta siku ya kwanza nilipoletwa katika nyumba ile nikiwa bibi harusi. Kazi yake ni mapepeo ya kukunja. Watu humletea mapepeo yaliyochanika, mbavu zimebaki uchi kama samaki aliyekwisha kuliwa, naye huyavisha upya. Mmoja huleta kipande cha gauni lake la harusi, mwingine mkono wa shati la marehemu mumewe, mwingine pazia alilolipenda likaliwa na nondo. Mama hukata, hutia wanga, hukunja marinda, hugundisha, na pepeo hurudi kwa mwenyewe likiwa na sura mpya na mifupa ileile. Mtaani wanamwita Bibi Upepo.

Lakini kiharusi kilikuwa kimempiga. Mungu alimwachia ulimi, na aliyemjua anajua kwamba hilo peke yake ni jeshi zima. Mguu wake ulirudi polepole. Mkono wa kulia haukurudi. Ulilala mapajani pake kama mtoto aliyechoka, naye aliubeba kwa mkono wa kushoto kila alipotaka kuuhamisha, akiuambia, "Haya mheshimiwa, tusogee."

Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa mkono wake wa kulia. Yeye alipima, mimi nilishika. Yeye alipaka gundi, mimi nilibana. Sikuwa fundi na sijawa fundi, lakini kila alfajiri niliomba Mungu aniongoze vidole, na kazi ikaenda.

Wifi hakulijua hilo kama neema. Aliliona kama aibu. Nataka nimtendee haki, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kwa mapenzi ya kukaba roho. Watu walikuwa wamemwambia sokoni kwamba mama yenu mnamtumikisha na maradhi yake, na maneno hayo yalimkosesha usingizi. Nyumbani kwake alikuwa ametengeneza chumba cha nyuma, chenye godoro jipya na mapazia mazito, na kando ya kitanda ameweka kengele ndogo ya shaba ili mama akitaka chochote aigonge.

"Kengele huvaa mbuzi," Mama alisema alipoambiwa.

Wifi alikuwa amemleta Baba Mdogo, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, ili jambo lionekane ni la ukoo na si la mtoto mmoja. Baba Mdogo tulimwita Jaji. Hakuwahi kuketi mahakamani, ila hakuna ugomvi wa kuku uliopita karibu naye bila kupewa hukumu. Mume wangu alikuwa kazini. Kabla ya kuondoka aliniambia mambo ya mama na dada yake hayaingilii, maana ukiingia kati ya ngumi mbili unarudi na meno yako mkononi.

Basi walibishana. Wifi alisema mama apumzike sasa, alishawalea, alishawasomesha. Mama akajibu kwamba atapumzika akifa, na hata huko atauliza kama kuna joto. Wifi akasema chumba kile kina unyevu na harufu ya gundi. Mama akasema harufu hiyohiyo ndiyo iliyomlea wifi mpaka akapata pua ya kuikunja. Baba Mdogo alicheka, kisha akakumbuka ujaji wake, akakohoa.

Ndipo wifi akasema neno lililotuuma sote. Alisema taratibu, macho yake yakiwa kwangu.

"Mama, kazi hufanyi wewe. Anafanya huyu. Wewe unakaa tu kwenye kiti unaongea, halafu mnamdanganya mteja kwamba ni mkono wako."

Nilitamani kupinga, lakini nilijua kuna chembe ya kweli ndani yake, na ukweli ukichanganywa na dharau huwa mgumu kuukataa. Mama aliutazama mkono wake wa kulia kwa muda. Kisha akauliza, "Nikifanya mwenyewe?"

"Ufanye nini?"

"Pepeo. Mwanzo mpaka mwisho. Bila huyu."

Wifi hakutarajia. Alimtazama Baba Mdogo, naye, kwa furaha aliyojaribu kuificha, akaketi vizuri na kuweka masharti. Shemeji yake atavisha pepeo moja peke yake. Akiweza, gari litaondoka tupu na habari ya kuhama isisikike tena. Akishindwa, atapanda gari leo, yeye na meza, bila kinyongo. Mtu yeyote asiguse kazi, wala asimwelekeze kwa neno. Hapo akanigeukia. "Hata kwa kukohoa, mkwe."

Mama akasema amekubali. Kitambaa alikichagua wifi. Alivuta kutoka rafuni kipande cha satini ya buluu. Sidhani alijua alichokifanya, maana katika utoto wake wote aliikimbia meza ile. Pamba hutulia ukiiambia itulie. Satini huteleza hata ukiitazama tu.

"Mtoto niliyemzaa mwenyewe kanichagulia nyoka," Mama alisema, akaipokea.

Alichukua pepeo kuukuu lililochakaa kabisa, akavua kitambaa chake kilichooza. Zikabaki mbavu na pini inayozishika chini. Sasa zilitakiwa kukwanguliwa gundi ya zamani, na kwa kawaida mimi hushika yeye akakwangua. Nikaona akifungua droo ya meza, akaingiza ncha yenye pini ndani, kisha akaisukuma droo kwa tumbo mpaka ikaibana. Mbavu zikasimama wima kama vidole. Akaanza kukwangua kwa kisu butu, ubavu mmoja baada ya mwingine, akihema.

Wifi aliketi, akajipepea kwa kitambaa cha mkononi.

Kukata ndiko kulikoniogopesha zaidi. Mikasi yetu imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia; ukiishika kwa kushoto inatafuna kitambaa kama mbuzi. Mama aliijaribu mara moja tu kwenye pembe, akaiweka chini. Akaomba pasi ya mkaa, halafu akajikumbusha kwamba haombi kitu, akainuka mwenyewe, akaiburuta kutoka pembeni na kuikandamiza juu ya satini. Akaingiza kigezo cha nusu duara kati ya pasi na kitambaa, akauweka mkono wake uliolala kando ya kigezo kama uzito wa pili, na kwa wembe akazunguka ukingo polepole.

"Haya mheshimiwa," aliuambia mkono, "leo na wewe utakula jasho lako."

Satini ilikatika sawasawa. Dereva, aliyekuwa amesimama dirishani nje, alisogea karibu zaidi.

Akapaka uji wa wanga, akatundika kitambaa dirishani kwenye jua, na sote tukasubiri kikauke. Nilipika chai, kwa sababu chai haikukatazwa. Baba Mdogo alimsimulia dereva kesi ya ukuta wa choo aliyoiamua mwaka ambao hakuna anayeukumbuka. Wifi alishika kikombe bila kunywa. Mara moja nilimwona akimtazama mama yake kwa jicho la mtoto, si la mwenye gari, kisha akalificha.

Marinda Mama aliyakunja kwa karatasi mbili zenye mikunjo, kitambaa kikiwa katikati yake. Hapo mtu husukuma kwa viganja viwili mpaka kila kitu kikusanyike kama mlango wa chuma wa dukani. Yeye alitumia kiganja kimoja na kidevu. Alilala kifudifudi juu ya meza, akasukuma, ikateleza. Akasukuma tena, ikateleza. Mara ya pili kofia aliyokuwa amevaa ilidondoka, na nywele zake nyeupe zikaonekana, na wifi akainuka nusu. Baba Mdogo alimwashiria akae.

"Mama, acha," wifi alisema.

"Nikiacha utanipa kengele," Mama alijibu, kidevu kikiwa mezani, akasukuma. Marinda yakashika.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nilidhani magumu yamekwisha. Ilibaki kugundisha, na kazi hiyo alikuwa akiiweza hata akisinzia.

Yanibidi nieleze jambo hapa. Mbavu za pepeo zikiwa uchi hufunguka pande zote mbili. Ukiusukuma ubavu wa juu kuelekea kulia, zinaufuata. Ukiusukuma kuelekea kushoto, zinaufuata vilevile. Mifupa haina upande. Ni kitambaa kinachoamua. Ukishagundisha, pepeo limechagua njia yake ya kufunguka milele, na fundi yeyote hulichagulia njia ya gumba la mkono wa kulia, kwa sababu huko ndiko watu wengi wanakoshikia. Mama alikuwa amezitandaza mbavu namna hiyo maisha yake yote, bila kufikiri, kama mtu asivyofikiri mguu gani unatangulia kutoka kitandani.

Lakini aliyezitandaza maisha yote ni mkono wa kulia.

Alizitoa mbavu kwenye droo, akaziweka mezani, akazitandaza kwa kushoto, nazo zikafunguka zilivyosukumwa. Zikafunguka kinyume. Akatia brashi kwenye kopo la gundi na kupaka ubavu wa kwanza.

Niliona. Kinywa changu kilifunguka chenyewe. Baba Mdogo alikuwa akinitazama, kidole chake kikiwa juu. Kama ningesema neno, shindano lingekuwa limekwisha, na Mama angebebwa kwa kosa langu. Kama ningenyamaza, angebebwa kwa kosa lake. Nikafumba macho. Ee Mungu, nilisema ndani yangu, wewe uliyeziumba mbavu zote, zigeuze hizi. Nilipofumbua macho Mungu hakuwa amezigeuza. Mama alikuwa kwenye ubavu wa tatu, akikandamiza satini kwa kidole na kuibana kwa kibanio cha nguo, na uso wake ulikuwa umetulia kwa raha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Raha ile ndiyo iliyoniumiza.

Alibana ubavu wa mwisho. Akalikunja pepeo, akalifunga utepe kwa meno na mkono mmoja, akaliacha. Kopo la gundi lilikuwa limechuruzika ukingoni mwa meza, naye hakujali. Aliketi wima, akafuta jasho kwa bega.

"Jaji," alisema, "kazi hiyo hapo."

Baba Mdogo alisubiri gundi ishike, kisha akafungua utepe. Akalishika pepeo kwa mkono wa kulia, akalisukuma kwa gumba kwa madaha, kama anavyofanya mtu anayejua anatazamwa. Likagoma. Akasukuma tena. Satini ikatoa sauti ndogo ya kulia, mbavu zikakazana, likabaki limefumbata kama ngumi.

Hakuna aliyecheka. Wifi aliinama, akashika paji la uso. Sauti yake ilipotoka haikuwa na ushindi wowote ndani yake, na hilo lilikuwa baya kuliko kejeli.

"Basi, Mama. Umejaribu. Sote tumeona umejaribu."

Mama alinyoosha mkono, akalitwaa pepeo. Aliligeuza huku na huku. Nikaona jicho lake likienda kwenye pini, likapanda na ubavu wa juu, likasimama. Akajua. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama chini.

"Nilisikia pumzi yako ikikatika," aliniambia. "Nikadhani una mafua."

Kisha akalishika kwa mkono wa kushoto, gumba likasukuma, na pepeo likafunguka lote kwa mkupuo mmoja, buluu tupu, rinda kwa rinda, bila mkunjo wala doa. Upepo wake ulifika mpaka nilipokuwa nimesimama. Akajipepea mara kadhaa, taratibu, akiwatazama.

Baba Mdogo alikuna kidevu. Alisema, kwa sauti ya mahakama, kwamba pepeo ni zuri, hilo halina ubishi. Lakini pepeo ni kitu cha mkono wa kulia. Hili limegeuka. Fundi aliyegeuza pepeo amekosea, na shemeji yake mwenyewe anajua kwamba amekosea.

"Nimekosea," Mama alisema.

"Basi umeshindwa, shemeji. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Mimi sishindani, Jaji. Mimi nafanya kazi." Alilifunga pepeo, akalifungua tena. "Nimekosea, ndiyo. Kwani katika nyumba hii anayekosea huhamishwa? Tungebaki na nani? Ungebaki wewe, uliyempa mtu ukuta wa choo cha jirani?"

Dereva aligeuka upande wa barabara ili asionekane akicheka.

"Mama, tulikubaliana," wifi alisema.

"Tulikubaliana nivishe pepeo. Hukusema nilivishe kwa ajili ya mkono wako." Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, wala hakuishusha. "Ulisema kazi hii siifanyi mimi. Haya, tafuta hapo mkono wa mtu mwingine. Utafute. Mkono wa kulia ulinifanyia uamuzi miaka yote, leo umelala, ameamua huyu mwingine, na yeye ndiye niliye naye. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Unataka kunilaza kwenye godoro jipya nigonge kengele. Nigonge nikitaka nini, mwanangu? Nikitaka hii."

Akaigonga meza kwa kiganja.

Wifi alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini shingo yake ilikuwa shingo ya mama yake, haikunjiki. Akamwambia dereva aingie na kamba.

Dereva akaingia. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimsalimu Mama kwanza, akaomba radhi, kisha akainama kuutafuta mguu wa meza. Mama hakujisogeza. Alifungua droo, akatoa mbavu nyingine zilizokuwa uchi, akazibana na kuanza kukwangua, kana kwamba chumbani hakuna mtu.

Mimi sikujua nitafanya nini mpaka nilipokuwa nimeshafanya. Kwetu nimelelewa kwamba meza ni ya chakula na kazi, na makalio yana mahali pake. Sikuwahi kumjibu wifi yangu tangu niolewe. Nilizunguka, nikasema moyoni, Mungu unisamehe kama ni utovu wa adabu na unishike kama siyo, nikakalia meza.

"Wifi, shuka," wifi yangu aliniambia.

"Sishuki, wifi."

"Nasema shuka. Hii si meza ya kwenu."

"Ni kweli si ya kwetu. Wala si ya gari. Ni ya anayeifanyia kazi, na hapa yupo anafanya."

Baba Mdogo alifungua kinywa kutoa hukumu, akakosa kifungu. Dereva alitazama mguu wa meza, akanitazama mimi, akamtazama aliyemwajiri.

"Dada," aliuliza kwa upole, "nabeba meza, au nabeba meza na mtu?"

Kitu fulani kilimtoka wifi, nusu kilio na nusu kicheko, akaketi kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyekatwa miguu. Alikuwa ametota jasho. Mkono wake ulitafuta kile kitambaa cha kujipepea, ukakikosa, ukaangukia pepeo la buluu. Akalishika kwa kulia, likagoma. Akalihamishia kushoto. Gumba lake halikujua njia. Lilifungua robo, likakwama, likafungua nusu.

Mama alikuwa akimtazama juu ya kisu chake.

"Usilisukume kwa hasira," alimwambia. "Legeza kidole cha chini kwanza. Hivyo."

Likafunguka. Wifi akajipepea, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta.

"Uko mkaidi," hatimaye alimwambia mama yake.

"Niko kazini."

Wifi akamwambia dereva akunje kamba. Baba Mdogo alitangaza kwamba shauri limeahirishwa, kwa kuwa hakuna jaji anayependa kuonekana amegeuzwa na pepeo, akaenda kupanda mbele ya gari. Mlangoni wifi aligeuka. Pepeo alikuwa nalo bado mkononi, na sidhani alilijua hilo. Alisema atarudi wiki ijayo kuona Mama anaendeleaje, na akikuta amedhoofika, habari itaanza upya.

"Karibu," Mama alisema. "Na gari uje nalo. Lakini lije kunitembeza, lisije kunihamisha."

Gari liliunguruma, likaondoka. Nikabaki nimekaa palepale, nikimshukuru Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio. Nilitaka kumwambia Mama kwamba niliona mbavu zikigeuka, kwamba kunyamaza kuliniua. Sikuwahi kufika hapo. Alikuwa amezitoa mbavu mpya kwenye droo, amezitandaza mezani kwa mkono wa kushoto, safari hii akitazama vizuri upande zinakokwenda, akaziacha ziende hukohuko.

"Sasa mtihani umekwisha," alisema, "nishikie hapa. Na ushuke mezani, mwanangu. Umekalia gundi."